Ramani za Zamani na Misitu ya Kivu



Vijana wengi wa parokia zetu, za Goma na Rutshuru, za Masisi na Walikale, wanapenda kujua asili ya vijiji vyao. Nani alifyeka msitu wa kwanza mahali hapa? Kijiji kilikuwa wapi kabla ya barabara? Mto huu ulipewa jina na nani? Maswali hayo ni mema. Wahenga walisema: Mkataa kwao ni mtumwa. Tena mtu hawezi kupenda kwao asipokujua.

Majibu ya kwanza hupatikana kwa wazee. Lakini wazee wanapungua, na vita vya tangu mwaka 1993 vimewatawanya wengi mbali na makaburi ya baba zao. Basi, yafaa tumtafute shahidi mwingine asiyekufa upesi. Shahidi huyo ni ramani za zamani.

Katika somo hili tutaeleza ramani za nchi yetu zilivyotengenezwa, zasema nini juu ya misitu, na namna ya kuzihoji. Tuseme jambo moja tangu mwanzo, maana ndilo kiini cha habari yetu yote. Kwa yale aliyoyaona mchoraji, ramani husema. Kwa yale asiyoyaona, ni bubu. Makosa ya ramani yalituletea shida, lakini shida kubwa zaidi ilitokana na ububu wake. Mahali palipoachwa peupe paliitwa patupu, na palipoitwa patupu pakapata bwana mpya.

Mlima uliochorwa kwa kuusikia

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa safarini katika Karagwe. Aliona kwa mbali sana, upande wa magharibi, vilele vya milima. Akaambiwa jina la Mfumbiro, akaliandika. Hakufika huko. Hata hivyo jina likaingia katika ramani za Ulaya kama jina la mlima mmoja, kumbe ni safu nzima ya milima ya moto ambayo sisi twaiona kila siku: Muhabura, Gahinga, Sabyinyo, Visoke, Karisimbi, Mikeno, Nyiragongo na Nyamuragira.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walifanya mapatano ya kugawana nchi. Katika mapatano hayo waliutaja mlima Mfumbiro, wakasema uwe upande wa Waingereza, hata kama ukionekana kuwa kusini ya mstari wao. Fikirini, ndugu wasomaji: mataifa mawili makubwa yalipatana juu ya mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameukanyaga.

Hapo nyuma, mwaka 1885, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa ametangaza mipaka ya Dola Huru la Kongo. Upande wetu mpaka ulikuwa mstari ulionyoka, uliopigwa kwa rula. Ulianza ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, ukaenda mpaka mahali ambapo longitudo ya 30 inakutana na latitudo ya kusini ya digrii 1 na dakika 20. Mstari ule haukujua ziwa wala mlima, wala haukuuliza nani ni raia wa mwami gani. Wakati huo Wazungu walikuwa wamesikia tu habari za ziwa Kivu. Hakuna aliyekuwa ameliona.

Uzi mmoja katikati ya msitu

Mzungu wa kwanza anayehesabiwa kuwa aliliona ziwa Kivu ni Mjerumani Gustav Adolf von Götzen. Aliondoka Pangani, pwani ya bahari ya Hindi, mwezi wa Desemba 1893, pamoja na wenzake wawili, von Prittwitz na daktari Kersting, na msafara mkubwa wa wapagazi. Mwezi wa Mei 1894 aliingia Ruanda kwa njia ya Rusumo, akaonana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Kisha akaja kwenye milima yetu ya moto, akapanda Nyiragongo na kutazama ndani ya shimo lake. Ndipo alipoliona ziwa.

Angaliweza kurudi alikotoka. Hakurudi, alielekea magharibi, akaingia msituni, katika nchi ambayo leo twaiita Masisi na Walikale, mpaka akatokea kwenye mto Kongo mwezi wa Septemba. Mwisho wa Novemba 1894 alifika Matadi. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake huko Berlin, pamoja na ramani.

Ramani ya msafiri wa namna hiyo ilitengenezwa hivi. Mtu anashika dira kujua mwelekeo na saa kujua muda wa mwendo. Anaandika: tumetembea saa mbili kuelekea magharibi, tumevuka mto, tumeona kijiji kuume. Usiku, mawingu yakiruhusu, anapima nyota. Majina anaambiwa na kiongozi wa njia, na mara nyingi jina hupita kinywani mwa mkalimani kabla ya kufika kalamuni.

Kwa hiyo ukitazama ramani ya safari ya msituni ya nyakati zile, unaona nini? Unaona uzi mmoja. Katika uzi huo mna mito, vijiji na majina. Kulia na kushoto kwa uzi ni kweupe. Je, huko kweupe hapakuwa na watu? Walikuwako. Wanyanga, Wahunde, Watembo, Wakumu na Wambuti walikuwa wakiishi humo, wakilima, wakiwinda na kuzikana. Weupe ule wasema neno moja tu: msafiri hakupita hapa. Lakini waliosoma ramani huko Ulaya walisoma neno lingine: hapa hakuna mtu.

Goma yapata mpaka wake

Götzen na waliomfuata walipopima vizuri zaidi, mstari wa mwaka 1885 ulileta ugomvi. Kwa kuufuata, ziwa Kivu lote, na hata sehemu ya Ruanda iliyo mashariki yake, vingalikuwa vya Kongo. Wajerumani walikataa. Walitaka mpaka ufuate vitu vinavyoonekana kwa macho: mto Ruzizi, ziwa, na milima. Mwaka 1899 maofisa wa pande mbili walipatana kwa muda kwamba kila upande uweke vituo vyake mpaka wakubwa waamue. Waingereza nao wakaja kudai Mfumbiro yao. Hata longitudo ya 30, ilipopimwa upya na tume ya mwaka 1907 na 1908, haikuonekana pale ramani zilipoionyesha.

Katika miaka hiyohiyo, 1907 na 1908, Adolf Friedrich, mtawala mdogo wa Mecklenburg, alikuja na wataalamu wengi. Mmoja wao, Luteni Weiss, alikuwa mpima nchi. Mwingine, Kirschstein, alichunguza milima ya moto. Kazi yao ilileta ramani bora kuliko zote za kabla yake katika sehemu hizi. Humo Nyamuragira waliuandika Namlagira. Tutakuja kuona kwa nini jambo dogo kama hilo lina maana kwa mtafuta historia.

Mwisho wa ugomvi ulikuwa mwaka 1910. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikutana Brussels, wakapatana. Kisiwa cha Idjwi na pwani ya magharibi ya ziwa vikabaki Kongo. Ruanda ikabaki kwa Wajerumani. Bufumbira ikaenda Uganda. Baadaye wapimaji walikuja kuweka alama juu ya ardhi. Ndivyo Goma na Gisenyi, miji miwili ambayo mtu aweza kuvuka kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine, ilivyotenganishwa. Jamaa walioana na kufanya biashara pamoja wakajikuta wana serikali mbili. Mpaka ule ulizaliwa na kosa la rula lililosahihishwa nusu tu.

Msitu wa rangi ya kijani

Sasa tuje kwenye jambo linalowagusa watu wa msituni kuliko yote. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold ilitoa amri: ardhi zisizo na mwenyewe ni mali ya Dola. Kwa masikio, amri hiyo yaonekana haina ubaya. Lakini nani ataamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Ofisa alitazama ramani. Penye duara dogo la kijiji na mashamba yake, alikubali kwamba pana watu. Penye rangi ya kijani ya msitu, aliandika: patupu.

Mtu wa msitu anajua kwamba sivyo. Shamba la msituni hulimwa miaka michache, kisha huachwa lilale mpaka miti irudi. Baadaye watoto wa yule aliyelima hurudi palepale. Shamba lililolala ni shamba, ingawa kwa mgeni laonekana msitu. Tena kuna mahali pa mitego, mahali pa asali, mahali pa uyoga na viwavi, mahali pa mirafia ya mvinyo na vikapu, na mahali pa makaburi na pa kutahiria vijana. Kila mahali pana jina na wenyewe. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyekaa kwa Wanyanga katika miaka ya 1950 na kuandika hadithi yao ya Mwindo iliyotolewa kitabuni mwaka 1969, alieleza vema jinsi nchi yao ilivyogawanywa baina ya koo, msitu pamoja na mashamba. Lakini mambo hayo hayakuwa na alama katika ramani ya serikali. Mchoraji alikuwa na alama ya daraja, alama ya misioni na alama ya kituo cha polisi. Alama ya shamba lililolala hakuwa nayo.

Toka hapo mambo yalifuatana. Mwaka 1925, tarehe 21 Aprili, Parki ya Albert iliundwa kuzunguka milima ya moto ili kuwalinda sokwe wakubwa. Ikapanuliwa mwaka 1929 na mwaka 1935, mpaka ikafika mbali upande wa kaskazini. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Tangu 1969 yaitwa Virunga, na ukubwa wake wa leo ni kilomita za mraba 7,800 hivi. Kazi ya kulinda viumbe ni njema, nasi tunaifurahia. Lakini mpaka wake ulipita mahali watu walipolima na kuchunga, na hadi leo kuna vijiji vinavyobishana na Parki juu ya mstari wa mwaka 1935.

Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa madaraka ya kukodisha ardhi kwa walowezi. Ndipo zilipokuja shamba kubwa za kahawa, chai, pareto na miti ya kwinini, na malisho ya ng'ombe juu ya vilima vya Masisi vilivyokuwa na msitu. Tangu 1937 serikali ya Ubelgiji ilileta pia jamaa nyingi kutoka Ruanda kukaa Masisi, ikisema nchi ina nafasi. Jamaa hizo hazikuchora ramani. Wala wenyeji hawakuichora. Maskini wa pande mbili walikutanishwa juu ya karatasi ya mtu wa tatu. Tukikumbuka hilo, labda tutapunguza ukali tunaposemezana habari za zamani.

Uhuru wa mwaka 1960 haukuifuta kawaida hiyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi yote ni mali ya serikali. Shamba nyingi za walowezi zikapita mikononi mwa watu wachache wenye nguvu. Rangi ya kijani ikabaki vilevile. Bwana tu ndiye aliyebadilika.

Macho ya ndege

Katika miaka ya 1950 kazi ya ramani ilipiga hatua kubwa. Institut Géographique, ofisi ya ramani ya Kongo, ilipima nchi kwa utaratibu. Shirika la kilimo la INEAC, lililoundwa mwaka 1933 na kuwa na makao Yangambi, lilianza kutoa ramani za udongo na za mimea. Na ndege zilipita juu ya nchi zikipiga picha, moja baada ya nyingine, kila picha ikigusa sehemu ya mwenzake. Mtaalamu akiziweka mbili mbili chini ya miwani ya pekee, vilima vinasimama na mabonde yanazama kama mtu aliye angani.

Picha hizi zina faida kubwa kwa wanahistoria wa kijiji. Mchoraji huchagua cha kuandika. Picha ya ndege haichagui. Shamba lililolala laonekana humo, kwa kuwa miti yake ni mifupi na ya umri mmoja. Njia za miguu zaonekana. Migomba iliyobaki mahali pa kijiji kilichohama yaonekana pia. Wale waliokuwa bubu katika ramani wanapata neno katika picha.

Tena ukiweka picha ya wakati ule kando ya picha ya satelite, unaona msitu unavyorudi nyuma. Kuna mahali katika Masisi palipokuwa na miti mikubwa, leo ni majani ya ng'ombe. Kuna ukingo wa Parki uliokatwa tangu Julai 1994, wakati wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Ruanda walipofika Goma nao walihitaji kuni za kupikia. Mwaka huohuo Virunga, ambayo tangu 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, iliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Na hata leo, sehemu kubwa ya makala yanayopika ugali na maharagwe ya Goma hutoka katika miti ya msitu. Mbao za milango na vitanda vyetu nazo hushuka kutoka huko. Kwa hiyo habari za msitu si habari za watu wa mbali. Zimo jikoni mwa kila mmoja wetu.

Namna ya kumhoji shahidi

Tuseme sasa umepata ramani ya zamani ya kwenu. Usiiamini upesi wala usiitupe. Ihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi.

Kwanza, uliza mwaka. Angalia kwamba mwaka wa kupima na mwaka wa kuchapa si lazima uwe mmoja. Ramani iliyochapwa leo yaweza kubeba habari zilizopimwa miaka ishirini nyuma.

Pili, uliza ni nani aliyeichora na kwa kazi gani. Askari huandika njia na vivuko. Mtafuta madini huandika mawe. Mtu wa mbao huandika miti ya kuuza. Padri huandika shule na vikanisa. Kila mmoja husahau cha mwenzake.

Tatu, uliza kipimo. Katika ramani ya 1 kwa 200,000, sentimeta moja ni kilomita mbili za ardhi. Katika ile ya 1 kwa 50,000, sentimeta moja ni meta 500. Sasa fanya hesabu: mstari wa kalamu wenye unene wa milimeta moja, katika ramani ya 1 kwa 200,000, unafunika meta 200 za ardhi! Ndani ya unene huo mna shamba la mjane, shamba la ndugu yake, na kijito kinachowagawa. Basi anayeleta ramani ya namna hiyo kwenye baraza kuthibitisha mpaka wa shamba anajidanganya, au anawadanganya wengine.

Nne, chunguza majina. Jina moja huandikwa kwa njia nyingi: Namlagira, Nyamlagira, Nyamulagira, Nyamuragira ni mlima mmoja. Götzen aliandika Kirunga-tscha-gongo. Ndio Nyiragongo wetu. Gisenyi iliandikwa Kisenyi. Bukavu iliitwa Costermansville. Ziwa Edward lilipewa jina hilo na Stanley mwaka 1889, na kwa miaka kadhaa tangu 1973 liliitwa ziwa Idi Amin. Lisome jina kwa sauti mbele ya mzee, maana sikio lake litatambua lile ambalo jicho lako halikutambua. Kumbuka pia kwamba vijiji vingi viliandikwa kwa jina la mkubwa wao. Mkubwa akifa, ramani ya pili ina jina lingine. Wewe utadhani kijiji kimekufa, kumbe ni mtu mmoja tu aliyekufa.

Tano, usisahau kwamba vijiji vilihamishwa. Zamani za Wabelgiji watu wengi walitolewa msituni wakapangwa kando ya barabara, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi. Kijiji kilicho barabarani katika ramani ya mwaka 1950 chaweza kuwa na makaburi yake mbali sana msituni.

Sita, upande wetu nchi yenyewe hubadilika. Moto wa Nyamuragira wa mwaka 1938 hadi 1940 ulimwaga mawe ya moto mpaka ziwani karibu na Sake. Ramani ya kabla ya hapo yaonyesha pwani ambayo haipo tena. Nyiragongo nao ulitoka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Katika Goma, mtaa mzima waweza kuwa juu ya mtaa mwingine.

Mashahidi wawili wengine

Torati yasema neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Ramani ni mmoja. Wa pili ni vitabu vya misioni. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake kuandika kila siku mambo ya kituo chao. Humo mna habari za njaa, za mvua, za safari za vijijini, za mlima uliotoka moto. Vitabu vya ubatizo navyo huandika jina la mtu, la wazazi wake, na mara nyingi la kilima au kijiji chake. Mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo waweza kutegua fumbo ambalo ramani tatu zimeshindwa kulitegua.

Shahidi wa tatu ni wazee pamoja na ardhi yenyewe. Enda pamoja nao mpaka mahali. Mivumu mikubwa iliyosimama kwa safu haikujiotesha. Ilikuwa ua wa mtu. Michikichi katikati ya msitu yasema: hapa palikuwa na watu. Andika neno la mzee kama alivyolisema, na jina la mahali kwa lugha yake. Wala usimwulize mzee wa ukoo mmoja tu. Mwulize na jirani yake, hasa yule asiyepatana naye.

Kazi iliyo mbele yetu

Miaka hii limetokea jambo lenye tumaini. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ilikubali kwamba jamii ya wenyeji yaweza kupewa msitu wake kwa kadiri ya desturi. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna: jamii yaweza kupata msitu wa hektari zisizozidi 50,000, bila kikomo cha miaka. Lakini ili kuomba, lazima ilete ramani. Na ramani hiyo huchorwa na wenyeji wenyewe, wakitembea na majirani mpakani, wakiandika mashamba yaliyolala, mahali pa mitego na makaburi. Katika Walikale jamii kadhaa zimekwisha kuifanya kazi hii. Mahali peupe pa Götzen panaanza kuandikwa na wale waliokuwamo tangu zamani.

Hapo ndipo historia ya kijiji inapokuwa kazi ya maana, wala si mchezo wa wasomi. Anayejua kijiji chake kilikuwa wapi mwaka 1930 ataweza kueleza kwa nini msitu fulani si mtupu. Na ramani ya zamani, iliyowanyima watu neno, sasa yaweza kuwasaidia kulisema.

Hatuna budi kuonya pia. Nchi yetu imemwaga damu nyingi kwa sababu ya ardhi. Mtu akitafuta katika ramani neno moja tu, la kumfukuza jirani yake, atalipata. Maana karatasi haimkatalii mtu. Mipaka ya sheferi ilichorwa, ikafutwa, ikachorwa tena. Kuna mwaka utakaompendeza huyu na mwaka utakaompendeza yule. Anayeonyesha ramani ya mwaka mmoja na kuficha zile nyingine anatoa ushahidi wa uongo. Ramani zifunguliwe zote pamoja, mbele ya wote, na kabla ya kuulizana nani atoke, tuulizane tulifikaje hapa sote.

Mwisho, tutunze tulicho nacho. Ramani nyingi za kwetu ziko mbali: katika jumba la Tervuren karibu na Brussels, na katika ofisi ya ramani Kinshasa. Nyingine zimo katika makabati ya parokia, ya shule na ya shamba za zamani, zikiliwa na mchwa. Moto wa mwaka 2002 uliteketeza kanisa kuu la Goma na sehemu kubwa ya katikati ya mji, nao haukuchagua kati ya mabati na makaratasi. Basi, aliye na ramani ya zamani asiikunje tena. Aipige picha, nakala moja akae nayo, nyingine aipeleke mahali pengine mbali na mlima. Nyuma ya nakala aandike mahali alipoipata na tarehe. Kisha amwite mzee mmoja na kijana mmoja waisome pamoja, jina kwa jina.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu wetu ni mali, na sehemu yake imekwisha kupotea. Tusikubali habari zake zipotee pia.